Mtumbwi wa Masale

Tulipokuwa tunatoa vitu darini kwa bibi, wiki moja baada ya mazishi, furushi la kijani lilidondoka likanipiga begani. Kabla sijalifungua nilishajua ni nini, kwa harufu yake tu. Mafuta ya taa, ukungu, na kitu kingine kama soksi zilizokaukia jikoni. Lilikuwa hema la Baba mdogo. Binamu zangu walisema litupwe pamoja na magunia yaliyoliwa na panya. Nikasema nitalichukua mimi. Hawakuuliza kwa nini.

Mimi si mtu wa kuandika. Nina daftari langu la mambo ya siku, mvua imenyesha, ng'ombe kazaa, fulani kaumwa, na mara nyingi nikisoma kesho yake naona nimemwonea mtu. Hili nimeliandika mara tatu. Mara ya kwanza nilimfanya Baba mkubwa kuwa shetani. Mara ya pili shetani nikawa mimi. Sasa najaribu kuliandika lilivyokuwa, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilipelekwa Marangu nikiwa na miaka saba. Baba yangu alikuwa mtoto wa katikati na alishafariki. Mama alikuwa na meza ya mitumba Pasua, mjini Moshi, na chumba chetu kilikuwa kidogo. Kwa hiyo nikawekwa kwa bibi na babu, juu kule kwenye migomba, mahali ambapo maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya nyumba mchana na usiku na hakuna anayeyasikia tena. Babu alikuwa amelala kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa, dirisha lake likitazama shambani. Na Baba mdogo Aminieli alikuwa anaishi palepale, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Kwetu nyumba ya baba na kihamba chake, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ni vya mtoto wa mwisho. Ndiye anayebaki na wazee, na ndiye anayewazika. Hilo nililisikia mara nyingi, lakini nilidhani ni habari ya watu wakubwa.

Baba mdogo alikuwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani. Alibeba mizigo ya wageni miaka mingi, hadi safari moja baridi ilipomla vidole vya miguu. Alibakiwa na vinne, vitatu mguu mmoja na kimoja mwingine. Mkewe akaondoka. Yeye akabaki na hema ambalo mgeni mmoja alimwachia, na wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Asubuhi zenye anga safi, ukipanda hadi kanisani ukatazama chini, ng'ambo ya nyika unaona kitu kinang'aa kama bati jipya. Lile ni Ziwa Jipe. Baba mdogo alisema tutatengeneza mtumbwi wa mbao wenye tanga, tutaushusha kwa gari hadi kule, tutalala kwenye hema ufukweni siku tatu, na mchana tutatembea juu ya maji kwa upepo. Tukishaijua njia, atapeleka wageni. "Wageni wengine wamechoka kupanda," alisema. "Wanataka mtu wa kuwakalisha mahali. Kukaa hakuhitaji vidole."

Sisi wawili ndio tulikuwa msafara mzima. Alinichagua mimi kwa sababu nadhani hakuna mwingine aliyekubali, ingawa mwenyewe alisema ni kwa kuwa nina uzito mdogo.

Kila siku nikitoka shule tulipanga mizigo juu ya kichanja cha kuanikia kahawa. Hema. Kamba. Sufuria moja. Kisu. Kila kitu alikishika akauliza kama kina kazi mbili, na kama kina kazi moja tu kilibaki nyumbani. Kikombe kilikataliwa, maana kifuniko cha sufuria kinanyweka. Mimi nilileta kioo changu kidogo cha mkononi, nikijua kitakataliwa, akakitazama pande zote, akasema kina kazi mbili, kujitazama na kumulika jua ukipotea. Sijawahi kufurahi vile. Tanga tulishona kwa viroba vya mbolea. Alishona vizuri kuliko mwanamke yeyote pale kijijini, mishono midogo, sawasawa, nyuzi za nailoni alizozichambua kwenye kamba. Tulilitundika kati ya mibuni miwili tuone linavyoshika upepo, lakini chini ya migomba hakuna upepo. Likaning'inia tu, maandishi ya mbolea yakiwa juu chini.

Kilichonishinda kuelewa ni ukame wa kule. Nilimuuliza kule ziwani watu wanajikinga na jua chini ya nini. Akasema hakuna kitu, ni mchanga na miiba na upepo. Nikauliza migomba je. Hakuna. Mfereji je. Hakuna. Akasema maji yapo mengi mbele yako, lakini hayanyweki vizuri, yana magadi, na ya kunywa lazima uyabebe. Nilidhani ananitania. Sikuweza kuona akilini mahali penye ziwa ambapo mtu anabeba maji.

Na alinifundisha sheria za safari, zile za mlimani. Nyingi nimezisahau. Moja sijaisahau. Alisema kitu kikiharibika njiani, hata awe amekivunja nani, anayejibu ni mkuu wa msafara. "Mgeni akiuliza, au askari wa geti la hifadhi, nitajibu mimi. Wewe unanyamaza. Hata kama ni wewe." Akanifanya nirudie. Nikarudia.

Watu walimcheka, na walicheka vibaya. Pale wanapouza mbege, pombe yetu ya ndizi, walimwita Nahodha. Akipita na miguu yake ile ya kutua kisigino kwanza, mmoja alimsalimia hivi, nimemsikia kwa masikio yangu: "Nahodha, ukifika wasalimie samaki. Waambie ungewaletea vidole, ila umevisahau kileleni Kibo." Yeye alicheka nao. Nilidhani ni kwa kuwa haimuumi. Bibi naye, mama yake mzazi, alikuwa anasema mbele yake wakati wa kula kwamba wenye miguu mizima hawajaenda, ataenda huyu wa vidole vinne. Na mimi, niseme ukweli, shuleni niliigiza anavyotembea. Niliigiza vizuri sana. Ndivyo nilivyopata marafiki.

Mwezi wa kumi na moja alienda msituni kupasua mbao na mafundi, malipo yake yakiwa ni mbao zenyewe. Alisema atarudi Krismasi. Asubuhi ya kuondoka alinipa kazi. Alinipa uzi wenye mafundo, urefu hatua zangu sita, upana mbili, mbele uchongoke. Nipige vigingi chini ya migomba, mahali pa wazi karibu na dirisha la babu, ili akirudi tuone mtumbwi ulivyo, tukae ndani, tujue nani anakaa wapi na sufuria inakaa wapi. Basi, akaondoka.

Nilitafuta vijiti. Matawi ya mibuni yote yamepinda. Lakini pale mpakani na jirani palikuwa na masale, mimea ile ya majani marefu ya kijani, shina limenyooka kama fimbo ya mwalimu. Nilikata kumi na saba. Mimi nilikuwa mtoto wa Pasua, nilidhani ni ua tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba masale hayachezewi, kwamba ndiyo yanayosema shamba la huyu linaishia wapi, na kwamba mzee akizikwa kihambani hupandwa juu yake. Labda niliambiwa sikusikiliza. Hapo sina hakika.

Mvua za vuli zikanyesha. Masale hayahitaji kubembelezwa, ukiyachomeka yanashika. Bibi alikuwa haendi upande ule kwa sababu ya magoti. Nilikuwa napita kila siku, nakaa ndani ya mtumbwi wangu peke yangu, upande wa mbele, na niliona vigingi vinatoa majani mapya. Nikafurahi kwamba mtumbwi wetu uko hai.

Krismasi kwetu watu wote wanapanda nyumbani. Baba mkubwa alifika na gari kutoka Moshi, ana duka la vifaa vya ujenzi kule, akiwa na mkewe, watoto, mchele, soda, na dawa za babu. Nisimwonee. Dawa za babu alinunua yeye miaka yote. Ada yangu pia. Alikuwa mtu wa kushika kichwa cha mtoto akimsalimia. Alizunguka shambani kama anavyofanya kila mwaka, mikono nyuma, akihesabu mikungu. Kisha nikasikia anamwita bibi kwa sauti ya chini, na bibi akaenda na magoti yake, na wengine wakafuata.

Walisimama kuzunguka mtumbwi. Shangazi mmoja alijiziba mdomo. Mimi nikajipenyeza mbele nikidhani wanaupenda.

"Hili kaburi ni la nani?" Baba mkubwa aliuliza. Hakumuuliza mtu. Alitazama dirisha la babu, hatua nne kutoka pale, kisha akaturudishia macho, na kila mtu akaelewa.

Na ndipo, saa ileile, sijui ni bahati gani, Baba mdogo akatokea kwenye njia ya juu, mbao tatu begani, mpya, ndefu, zinanukia. Alikuwa anatabasamu. Shangazi akasema, "Na jeneza kaleta."

Alipoweka mbao chini alikuwa bado hajaelewa. Wakamuuliza inakuwaje apande masale wakati baba yake anapumua, amfunulie kaburi dirishani alione kila akifumbua macho, kisha apasue na mbao, kwa haraka ya kurithi. Alisema mbao ni za mtumbwi. Watu walicheka, lakini si kile kicheko cha siku zote. Baba mkubwa akamuuliza, "Na masale, Aminieli? Nayo ni ya kuvulia samaki?"

Baba mdogo akatazama chini. Naona hadi leo macho yake yanavyofuata mstari, upande mmoja, upande wa pili, hadi mbele palipochongoka. Akaelewa. Akanitazama mimi.

Bibi akasema, "Aika, wewe unashinda hapa. Nani kapanda?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama nilivyofundishwa. Anayejibu ni mkuu wa msafara. Wewe unanyamaza, hata kama ni wewe. Nilinyamaza vizuri kabisa. Moyoni nilikuwa najisifu, nikijua ananiona jinsi ninavyoshika sheria, na kwamba hii ni kama mtihani kabla ya safari. Ndivyo ninavyokumbuka. Lakini nimejiuliza mara nyingi kama sikuwa pia naogopa fimbo. Inawezekana yote mawili yalikuwepo. Mtoto anaweza kujificha ndani ya sheria na bado akaiamini.

Baba mdogo alisubiri. Haikuwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni mimi."

Walimpelekea babu habari kitandani. Babu alikuwa anaongea kwa shida, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo, na Baba mkubwa ndiye aliyetoka nje kutuambia kasema nini. Kasema Aminieli aondoke kabla yeye hajafa, na asimzike. Shamba atashika mkubwa. Hakuna mwingine aliyeingia kuhakikisha. Nyama ilikuwa imeshachomwa, tukala. Baba mdogo alishuka na mfuko wa nguo tu. Zile mbao Baba mkubwa alizitumia kutengeneza mlango wa zizi. Niliuliza safari itakuwa lini, na bibi akanipiga kibao, cha kwanza na cha mwisho maisha yake yote.

Babu akafa, Baba mdogo hakumzika. Baba mkubwa akajenga nyumba ya bati la rangi pale juu. Masale aliyaacha. Ukiyang'oa unaleta mikosi mingine, alisema, na nadhani pia alipenda watu wayaone.

Nilikua. Nilielewa nilichokifanya kidogo kidogo, sijui mwaka gani, kama vile mtu anavyokuja kugundua kuwa chumba kina baridi. Baba mdogo alikuwa Pasua, kwenye kibanda, anashona mabegi na kubadilisha zipu za mahema ya makampuni ya watalii. Mama aliniambia anamwona. Sikwenda. Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipokwenda, na nilikwenda na isale.

Wenzangu mnajua. Ukimletea mtu wa kwetu jani la isale lililopigwa fundo, umekiri na umeomba, na yeye hawezi kukataa. Nilimkuta amekaa na hema la mtu mapajani. Nikamwamkia, nikampa, nikamwambia ni mimi niliyepanda. Alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka juu ya cherehani.

"Nimepokea. Halikataliwi," alisema. Akaendelea kushona hadi mwisho wa mstari. "Nilijua siku ileile. Nikasema, ni mtoto, atasema kesho. Ukawa na kumi na tano. Ukawa na ishirini."

Nikamwambia kuhusu sheria ya msafara.

"Ile ni ya njiani, Aika. Mkirudi getini safari imeisha, kila mtu anasema lake." Kisha akasema kitu ambacho nadhani ndicho kilimkera kweli. "Na mbele ya mtumbwi uliielekeza juu, mlimani. Ziwa liko chini."

Nilitaka kucheka, nikaona hacheki. Akaniomba jambo moja. Niende nikawaambie, wote, wakiwa wamekusanyika, kwamba hakumchimbia baba yake kaburi. Shamba hataki, alisema, miguu haiwezi tena. Anataka tu kupanda nyumbani Krismasi na kukaa kwenye kiti kama watu. Nikamwambia Krismasi hii nitawaambia.

Njiani kurudi nilijisikia mwepesi, na hapo ndipo sasa najiona mbaya zaidi kuliko nilipokuwa na miaka tisa. Maana nilikuwa nimemnyang'anya hata haki ya kunikasirikia. Jani lile halimpi mtu nafasi ya kusema hapana. Nilimpelekea kitu asichoweza kukataa, yeye akaniomba kitu ninachoweza.

Krismasi ya kwanza bibi alikuwa mgonjwa mahututi, tukaona tusimchanganye. Ya pili nilikuwa na sababu ambayo leo siikumbuki. Bibi akafa katikati. Kabla ya ya tatu Baba mdogo akapata homa ya mapafu, siku nne tu, akafa.

Mtu wa kwetu hazikwi mjini, hata awe amefukuzwa. Baba mkubwa alilipia jeneza, gari na chakula, yote yeye, na mazishi aliyaongoza vizuri. Vijana wa kuchimba walipouliza wachimbe wapi, alinyoosha fimbo yake. "Pale kwenye masale. Msihangaike kupima, alishapima mwenyewe." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoruhusiwa.

Nilimfuata nyuma ya zizi, kwenye ule mlango wa mbao tatu, nikamwambia. Yote. Uzi wenye mafundo, vigingi, miaka tisa. Alinisikiliza ameegemea mlango, mzee sasa, macho yana ukungu. Hakushtuka.

"Aika," alisema, "kaburi gani lina ncha?"

Nikazitazama zile mbao tatu.

"Kaburi lina pembe nne. Lile lilichongoka kama pasi. Na mimi nimechimba makaburi tangu kijana. Siku ile nilikuwa nakutazama wewe kuliko nilivyomtazama yeye. Ungefungua mdomo, ningeshindwa mbele ya watu wote." Akanishika kichwa, kama zamani. "Hukufungua. Nikasema basi, imeamuliwa. Haya, nenda kaangalie chakula, wachimbaji hawajala."

Nikaenda. Nilipakua wali, niliuliza nani hajapata nyama.

Wachimbaji walipofika mbele ya mtumbwi waling'oa masale matatu ya kwenye ncha, kwa kuwa kaburi lazima liwe sawa, wakayatupa kwenye lundo la majani ya migomba. Yaliyobaki yalimzunguka. Wiki moja baadaye, tulipotoa vitu darini, nilipita pale. Yale matatu yamechipua kwenye lundo, yamelala hivyohivyo.

Hema liko chumbani kwangu sasa, sijalitoa harufu. Ndani yake nimekuta kioo changu, kimefungwa kwenye kipande cha tanga ili kisivunjike. Binamu zangu bado wanasema Baba mdogo alimchimbia babu kaburi, na wanawasimulia watoto wao, na watoto wanacheka jinsi alivyotembea. Baba mkubwa hawezi kuwaambia. Nimebaki mimi.

Krismasi hii nitawaambia. Nimeiandika hiyo, nikaisoma tena, nikaona naijua.